HISTORIA YA KUUGUZA KIDONDA: KUTOKA HEMA LA BI RUFAYDA MPAKA WODI ZETU



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua, nalo ni kidonda. Tutaeleza watu wa kabla yetu walivyokiuguza, makosa waliyoyafanya, na waliyojifunza, ili nasi tufaidike.

Kilichotusukuma kuandika ni mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Kampala. Alikanyaga msumari ukapenya kandambili yake ukamchoma unyayo. Mzee huyu ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Alifungua kapsuli ya dawa iliyobaki nyumbani, akanyunyiza ule unga wake juu ya jeraha, akafunga na kitambaa, akaendelea na shughuli zake. Mguu haukumuuma, kwa hiyo alijua amepona. Alikuwa akija swala zote tano, akitawadha na kuosha miguu yake kama kawaida, lakini chini ya unyayo hakutazama.

Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, alirudi nyumbani kwa likizo ya Idi akasikia harufu. Akamwomba babu amwonyeshe mguu. Babu akakataa, akaona haya. Siku ya tatu alikubali. Juu kilionekana kitundu kidogo tu, lakini ndani kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Alhamdulillah yu hai, na ametupa ruhusa tusimulie kisa chake bila jina. Neno alilotuambia ni hili: "Kisichouma nilidhani hakipo."

Tuliposikia hivyo tulikumbuka kwamba miaka michache tu nyuma, katika msikiti huo huo, baadhi yetu tuliwahi kusema kuwa kazi ya kufunga vidonda vya watu si kazi ya binti wa heshima. Ndipo tukaona tuirudie historia tangu mwanzo.

UHUD: MAJI, MKEKA NA MAJIVU

Mwaka wa 3 Hijria, sawa na mwaka 625 Miladia, Waislamu walipigana vita vya Uhud nje ya mji wa Madina. Siku hiyo Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, na kofia yake ya chuma ikapasuka kichwani. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa namna alivyotibiwa. Sayyidna Ali (R.A.) alileta maji katika ngao yake, na Bibi Fatma (R.A.) akawa anaosha damu. Alipoona kwamba maji yanazidisha tu kutoka kwa damu, alichukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa majivu, akayabandika kwenye jeraha, na damu ikakatika.

Tuangalie mpangilio wa kazi hii. Kwanza alisafisha. Pili alitazama aone kinachotokea. Tatu, alipoona njia ya kwanza haizuii damu, alibadilisha njia. Anayesomea uuguzi leo hufundishwa mambo hayo hayo matatu: kusafisha, kutathmini, na kubadilisha mpango pale mgonjwa anapoonyesha kuwa mpango haufai.

Lakini tutoe tahadhari. Wako watu wanaosoma kisa hiki wakadhani kuwa majivu yoyote ya jikoni ni dawa ya kidonda chochote. Majivu yale yalitoka motoni wakati ule ule, na yalitumika kuzuia damu pale ambapo hapakuwa na kitu kingine. Majivu yaliyolala jikoni yakakanyagwa na kuku, au kinyesi cha ng'ombe kinachopakwa kitovu cha mtoto mchanga katika baadhi ya vijiji vyetu, ni jambo jingine kabisa. Humo ndimo wanamokaa vijidudu vya pepopunda, na watoto wengi wamekufa kwa sababu hiyo.

HEMA NDANI YA MSIKITI

Miaka miwili baada ya Uhud, mwaka wa 5 Hijria (627 Miladia), vilikuja vita vya Handaki. Sayyidna Saad bin Muadh (R.A.), kiongozi wa kabila la Aws, alipigwa mshale mkononi ukakata mshipa mkubwa wa damu. Mtume (S.A.W.) aliamuru asimamishiwe hema ndani ya msikiti wa Madina ili awe karibu naye na aweze kumtazama mara kwa mara.

Katika mapokezi mengine, likiwemo lile la kitabu cha Imamu Bukhari kiitwacho Al-Adab al-Mufrad, anatajwa mwanamke aliyeitwa Rufayda, ambaye Saad alipelekwa kwake kwa sababu alikuwa akitibu majeruhi. Wanahistoria wanamwita Rufayda al-Aslamiyya, kwa kuwa alikuwa wa kabila la Aslam, na wanaeleza kwamba alijitolea kuwahudumia wale wasio na mtu wa kuwauguza. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipita kwa mgonjwa jioni akimuuliza amekuwaje, na asubuhi akipita tena akimuuliza amekuwaje.

Ndugu msomaji, tusipite hapa haraka. Hema la majeruhi halikuwekwa pembeni ya mji, mahali pa kuficha usaha na harufu. Liliwekwa msikitini, mahali pa heshima kuliko pote, na aliyelisimamia alikuwa mwanamke. Na mgonjwa aliangaliwa asubuhi na jioni. Leo hii wodini manesi hupokezana zamu, na anayetoka humweleza anayeingia hali ya kila mgonjwa. Swali ni lile lile: amelalaje, ameamkaje?

Tena Bi Rufayda hakuwa peke yake. Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia katika Sahihi Muslim kuwa alitoka katika vita saba pamoja na Mtume (S.A.W.), akibaki nyuma na mizigo, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) naye amesimulia kuwa walikuwa wakinywesha watu maji, wakitibu waliojeruhiwa, na kuwarudisha Madina.

Pia historia inatufundisha ukweli wa kazi hii. Saad (R.A.) alichomwa jeraha kwa chuma cha moto ili damu isimame, mkono ukavimba, akachomwa tena. Baadaye jeraha lilifumuka, damu ikatiririka mpaka ikaonekana katika hema la jirani humo msikitini, na Saad akafariki. Bi Rufayda hakumponya. Lakini hakuna aliyesema kuwa kazi yake ilikuwa bure. Muuguzi anatakiwa afanye wajibu wake kwa ukamilifu, na uhai uko mikononi mwa Allah (S.W.T.). Wanafunzi wetu wanaovunjika moyo siku wanapofiwa na mgonjwa wa kwanza wakikumbuke kisa hiki.

WALIOFUATA

Waislamu waliendeleza elimu hiyo. Abul Qasim al-Zahrawi, aliyezaliwa karibu mwaka 936 huko Madinat al-Zahra, jirani na mji wa Cordoba nchini Andalusia (Hispania ya leo), aliandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho Al-Tasrif chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ilihusu upasuaji, na ndani yake alichora picha za vyombo vya kazi vipatavyo 200: visu, koleo, ndoana na sindano. Alieleza kushona majeraha kwa nyuzi za aina mbalimbali, zikiwemo zile zinazotengenezwa kwa utumbo wa wanyama ambazo mwili huzinyonya zenyewe. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo ya upasuaji Kilatini, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka.

Huko Kairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa iliyokamilika mwaka 1284. Ilikuwa na sehemu mbalimbali kwa ajili ya maradhi mbalimbali: wenye homa mahali pao, wenye macho mahali pao, na waliohitaji upasuaji mahali pao. Wanaume na wanawake walitengwa, na kila upande ulikuwa na wahudumu wake. Gharama zililipwa kwa wakfu. Utaona basi kuwa hospitali ya wakfu yenye wauguzi wa kike ni desturi yetu ya zamani, hatukuiazima kwa mtu.

Hata hivyo tuseme kweli. Wakati huo wote, Mashariki na Magharibi, hakuna aliyejua kwa nini jeraha moja linafunga vizuri na jingine linaoza. Vijidudu havionekani kwa macho. Jibu lilipoanza kupatikana lilitokea katika wodi ya wazazi, na waliolitoa walikataliwa.

MIKONO YA WAKUBWA

Katika Hospitali Kuu ya Vienna, nchini Austria, palikuwa na wodi mbili za kuzalia. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Jambo la ajabu ni kwamba akina mama walikufa zaidi kwa madaktari kuliko kwa wakunga, mpaka wanawake mjini waliliogopa jambo hilo na kuomba wasipelekwe upande wa madaktari.

Daktari Ignaz Semmelweis alichunguza akagundua kuwa madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti, ambako walipasua maiti kwa mafunzo, wakaenda moja kwa moja kuwazalisha akina mama. Wakunga hawakugusa maiti. Mwaka 1847 aliamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa zaidi ya akina mama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa takriban 2 tu.

Ungedhani dunia ingemshukuru. La. Madaktari wengi walikasirika kuambiwa kuwa mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Semmelweis alipoteza kazi yake pale, na mwaka 1865 akafa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililoingia uchafu. Sisi tunaonawa mikono tangu utotoni kabla ya kila swala tusijione bora kwa hilo. Tujiulize kwanza: je, huwa tunanawa kwa sabuni kabla ya kufungua kidonda cha mtoto?

SCUTARI: KUFAGIA, KUFUA NA KUHESABU

Mwaka 1853 ilianza vita ya Crimea. Dola ya Uthmaniya, Uingereza na Ufaransa walipigana na Urusi. Sultani aliwapa Waingereza kambi kubwa ya askari ya Selimiye, katika mtaa wa Üsküdar upande wa Asia wa mji wa Istanbul, waifanye hospitali. Waingereza waliuita mtaa huo Scutari. Novemba 1854 alifika hapo Florence Nightingale akiwa na wanawake 38 wa kuuguza.

Walikuta askari wamelala sakafuni na nguo zenye damu kavu, chawa wamejaa, mashuka hakuna, na chini ya jengo mifereji ya maji machafu imeziba. Bi Nightingale alianza na vitu ambavyo wakubwa waliviona vidogo: alinunua brashi za kusugulia sakafu, akafungua mahali pa kufulia nguo, akapanga jiko, akahakikisha kila mgonjwa ana shuka safi.

Hapa watu wengi husimulia kwamba alipofika tu, vifo vikashuka. Ukweli ni mchungu zaidi, na una faida zaidi. Miezi ya mwanzo vifo vilipanda. Februari 1855 walikufa kiasi cha wagonjwa 42 katika kila 100. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa ya chawa, maradhi waliyoyapata wakiwa hospitalini au njiani. Machi 1855 ilifika tume ya usafi kutoka Uingereza. Ilizibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikasafisha maji na kupaka kuta chokaa. Juni 1855 vifo vilikuwa vimeshuka mpaka kama 2 katika kila 100.

Bi Nightingale aliporudi kwao alikaa na daftari na takwimu, akazihesabu, na akakubali kilichokuwa kimewaua watu wake. Hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Mwaka 1858 alitoa michoro iliyoonyesha kwa rangi ni wangapi walikufa kwa majeraha na wangapi kwa uchafu, ili hata wabunge wasiojua tiba waelewe. Mwaka 1860 shule ya uuguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas jijini London. Tangu hapo muuguzi akawa mtu anayesomea kazi yake, anayeandika anachokiona na kukilinganisha na cha jana.

Katika vita hiyo hiyo alikuwepo mama mwenye asili ya Afrika kutoka Jamaica, Mary Seacole, aliyekataliwa kujiunga na wauguzi wa serikali, akasafiri kwa fedha zake mpaka karibu na uwanja wa vita na kuwahudumia askari. Na upande wa Waturuki, mwaka 1868 ilianzishwa jumuiya ya kusaidia majeruhi ambayo baadaye ilitumia alama ya Hilali Nyekundu. Mwaka 1915, katika vita vya Gallipoli, Safiye Hüseyin, mwanamke wa Kiislamu wa Istanbul, aliuguza majeruhi ndani ya meli ya hospitali.

Jambo la mwisho lililobadilisha tiba ya majeraha katika karne hiyo lilitokea Glasgow, Uskoti. Agosti 1865 mtoto wa miaka 11 alikanyagwa na mkokoteni, mfupa wa mguu ukavunjika na kutoboa ngozi. Kwa kawaida ya siku hizo mguu wa namna hiyo ulikatwa, au mgonjwa alikufa kwa kuoza. Daktari Joseph Lister, aliyekuwa amesoma utafiti wa Louis Pasteur juu ya vijidudu, alifunika jeraha kwa kitambaa kilicholowekwa dawa ya kaboliki. Baada ya wiki sita mtoto alisimama kwa miguu yake miwili.

KIDONDA CHENYE JINA LA KWETU

Wasomaji wetu wengi hawajui kuwa historia ya vidonda duniani ina ukurasa wenye jina la Uganda. Mwaka 1897 daktari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, hapa Kampala. Pamoja naye alikuja muuguzi Katharine Timpson, ambaye walioana mwaka 1900 na ambaye baadaye alifundisha wasichana wa hapa ukunga. Katika mwaka huo wa kwanza wa hospitali, Dk. Cook aliandika juu ya wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya ajabu.

Mwaka 1948 wataalamu wa Australia walitangaza kuwa wamemgundua mdudu anayesababisha vidonda vya namna hiyo, ambaye ni wa jamaa moja na wadudu wa kifua kikuu na ukoma. Kisha katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana katika kaunti ya Buruli, karibu na mto Nile na ziwa Kyoga, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Nakasongola. Kuanzia hapo ugonjwa ukaitwa kidonda cha Buruli ulimwenguni kote. Madaktari na wauguzi walifuatilia pia wakimbizi kutoka Rwanda waliokaa katika kambi ya Kinyara, wakaandika kwa makini nani ameugua, wapi na lini. Ugonjwa huo umeonekana pia Kongo, na zaidi Afrika Magharibi.

Kidonda cha Buruli huanza kama uvimbe mdogo au ngozi ngumu. Hakiumi. Mdudu wake hutoa sumu inayoua nyama na pia kuzima maumivu, na sumu hiyo ilitambuliwa mwaka 1999. Kwa kuwa hakiumi, mgonjwa hungoja. Wazazi husema ni jini au ni uchawi, mtoto hupelekwa kwa waganga, na anapofika hospitali mkono au mguu mzima umeshaliwa. Zamani dawa ilikuwa kisu tu: kukata nyama yote mbovu na kupandikiza ngozi. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za kuua mdudu kwa wiki nane, mwanzoni zikiwa na sindano, na sasa vidonge pekee. Akiwahi, mgonjwa anaweza kupona bila kukatwa kitu.

Je, mmeona jinsi kisa hiki kinavyofanana na cha mzee wetu? Kwake ni sukari iliyoharibu mishipa ya fahamu ya miguu hata asisikie msumari. Kwa mtoto wa Buruli ni sumu ya mdudu. Wote wawili walipoteza mlinzi ambaye Allah ametuwekea mwilini, yaani maumivu. Mtu wa namna hiyo anahitaji jicho la mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya muuguzi, na ndiyo kazi aliyoifanya yule binti kwa kuomba siku tatu mfululizo aonyeshwe mguu wa babu yake.

ANACHOKIFANYA MUUGUZI LEO

Watu hudhani kufunga kidonda ni kubandika shashi na plasta. Muuguzi aliyesoma hunawa mikono kwanza. Hutazama kidonda: urefu, upana na kina chake, rangi ya nyama ya ndani, harufu, usaha, na ngozi inayokizunguka kama ina joto au imevimba. Huandika. Husafisha kwa maji ya chumvi maalumu au maji safi. Nyama iliyokufa huondolewa na mwenye ujuzi, kwa kuwa inazuia nyama mpya kuota. Kisha hufunika, na siku inayofuata hulinganisha na alichoandika.

Tuliwauliza manesi ni imani gani wanayokutana nayo zaidi majumbani. Wakasema ni ile ya kwamba kidonda kiachwe wazi kipigwe na hewa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa kuchunguza ngozi ya nguruwe ambayo inafanana na ya binadamu, kuwa jeraha safi lililofunikwa likabaki na unyevu kiasi liliota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi kuliko lililoachwa likauke na kushika gaga. Ndiyo maana bandeji nyingi za kisasa hutengenezwa ili kidonda kisikauke kabisa wala kisilowe.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Ndugu wazazi na wanafunzi, haya ni machache ya kushika:

1. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, mikono ya anayeosha ikiwa imenawiwa kwanza. Likaushwe pembeni na lifunikwe kwa kitambaa safi.

2. Tusinyunyizie unga wa kapsuli. Dawa ile imepimwa kwa kumezwa. Ukiinyunyiza juu inafanya ukoko unaoficha usaha chini yake. Vivyo hivyo dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wa betri na kinyesi cha mnyama.

3. Aliyeungua awekwe chini ya maji ya kawaida ya bomba au ya kumiminiwa kwa dakika 20. Tusipake kitu. Kuungua kukubwa, au kwa mtoto mdogo, ni kwenda hospitali.

4. Aliyechomwa na msumari, mwiba mkubwa au kuumwa na mnyama apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo aulizie chanjo ya pepopunda. Mnyama akiwa mbwa, aulizie na ya kichaa cha mbwa.

5. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, kinachonuka, kinachopanuka, au kisichouma ilhali ni kikubwa, hakingojwi.

6. Mwenye bandeji asiifungue na kuilowesha kila anapotawadha. Fiqhi yetu ina mlango wa kupangusa juu ya bandeji, uitwao mas-hi ya jabira. Amwulize sheikh wake namna ya kufanya, na amwulize nesi wake kama kidonda kinaruhusiwa maji.

7. Kwa mwenye sukari, wakati wa udhu uwe ndio wakati wa kutazama miguu. Akishaosha, akaushe katikati ya vidole, ainue mguu atazame unyayo. Akishindwa kuinama, atumie kioo au amwite mwanawe. Hilo halichukui hata dakika moja.

Mzee wetu alitawadha mara tano kila siku. Laiti mara moja tu angeugeuza mguu.

NENO LA MWISHO

Leo hapa Kampala, juu ya kilima cha Kibuli, ipo hospitali ya Waislamu inayofundisha pia wauguzi. Huko New Delhi, nchini India, chuo cha uuguzi cha Jamia Hamdard kilipewa jina la Rufayda. Lakini jina zuri ukutani halitoshi ikiwa nyumbani tunamwambia binti anayetaka kazi hii kwamba ataaibisha ukoo. Wagonjwa wa kike wanatamani kuhudumiwa na wanawake wenzao. Watatoka wapi, ikiwa kila baba anangoja binti wa mwenzake akasome?

Wasiwasi wa wazazi tunauelewa. Wanaogopa zamu za usiku, mavazi, na kuchanganyika na watu. Hayo ni mambo ya kuzungumza na chuo, na kuyapangia utaratibu. Hayaondoi asili ya kazi yenyewe, ambayo hema lake la kwanza kwetu lilisimama msikitini.

Yule binti bado yuko chuoni. Kila likizo hukaa mkekani mbele ya babu yake, akamwangalia mguu mmoja uliobaki, vidole vyote vitano na unyayo, kisha huandika katika daftari. Babu sasa hakatai. Anatwambia kwamba akichelewa kuja, yeye mwenyewe humpigia simu kumuuliza anakuja lini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoulizana hali asubuhi na jioni. Amin.

Wabillahi tawfiq.